Vyombo Vikuukuu na Takwimu za Kwale

Kila mwanzo wa mwezi, katika zahanati na vituo vya afya vya Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi na Diani hadi Kikoneni na Vanga, rejista za wagonjwa hufunguliwa na kujumlishwa. Watoto wa chini ya miaka 5 waliotibiwa huingia katika fomu MOH 705A, wakubwa katika MOH 705B, chanjo katika MOH 710, huduma za uzazi katika MOH 711. Fomu hizo hutakiwa zifike ofisi ya rekodi za afya ya kaunti ndogo, kama ile ya Msambweni, kufikia tarehe 5, na kufikia tarehe 15 nambari zote ziwe zimeingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, KHIS. Anayeziingiza huona visanduku vyeupe vya kujaza nambari, akavijaza kimoja baada ya kingine. Asichokiona ni kwamba nyuma ya visanduku hivyo, katika seva iliyo mbali na Msambweni, nambari zake zinapokelewa na programu iliyosimama juu ya vifaa ambavyo baadhi yake vilipata warithi zaidi ya miaka 25 iliyopita, na mafundi wa kompyuta hufundishana hadi leo kuviepuka. Vifaa hivyo havikusahauliwa. Viliachwa mahali pake makusudi, nami nadai kwamba walioviacha walifanya vyema, ila kazi hawakuimaliza.

Programu yoyote, iwe ya benki au ya hospitali, hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kushika vitu vingi kwa pamoja: orodha ya vituo vya afya, majina ya watumiaji, nambari za mwezi. Vitu hivyo huwekwa ndani ya vyombo. Kuna chombo kinachopanga vitu kwa foleni, ili ukiomba cha kumi upewe cha kumi. Kuna kingine kinachohifadhi kila kitu chini ya jina lake, ukitaja jina kinakupa kilichopo. Mwandishi wa programu hana haja ya kuviunda vyombo hivi mwenyewe. Lugha ya programu anayoitumia huja na maktaba yake ya msingi, yaani akiba ya vipande vilivyokwisha kuandikwa na kujaribiwa, na humo kila aina ya chombo ina kielelezo chake kinachoitwa klasi. Akihitaji orodha huichukua hapo na kuendelea na kazi. Kwa sababu hiyo klasi moja ya maktaba, iliyoandikwa na watu wachache, huishia ndani ya mamilioni ya programu ambazo mwenye kuiandika hatazijua kamwe. Akigundua baadaye kwamba aliikosea, haiwezekani azunguke dunia nzima kuirekebisha.

KHIS imejengwa kwa DHIS2, programu inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, pamoja na washirika wake. Babu yake alizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, akiendeshwa kwa Microsoft Access. Toleo la pili liliandikwa upya kwa lugha ya Java ili lifanye kazi kupitia kivinjari, na likatoka mwaka 2006. Kenya ilipolichukua, majaribio yalifanywa katika uliokuwa Mkoa wa Pwani, Kwale ikiwa sehemu yake, na kufikia Septemba 2011 nchi nzima ilikuwa ikitumia seva moja kuu kwa modemu za simu, ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70. Na haiko peke yake. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliochipuka mwaka 2004 kutokana na kazi ya madaktari wa Marekani na wenzao wa Eldoret, nao ni wa Java, na ndio msingi wa KenyaEMR inayotumika katika kliniki nyingi za VVU nchini. Anayetaka kujua afya ya Kwale inahesabiwaje, basi, hana budi kuchungulia ndani ya Java.

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, toleo la 1.0 likiwa la Januari 1996. Vyombo vyake vilikuwa vichache: Vector kwa ajili ya orodha, Stack kwa ajili ya rundo, Hashtable kwa vitu vinavyohifadhiwa chini ya majina, na Enumeration, kifaa cha kuvipitia vitu hivyo kimoja kimoja. Lugha hiyo iliruhusu tangu mwanzo programu moja iendeshe kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na wabunifu wakahofu kwamba kazi mbili zikiigusa orodha moja kwa pamoja zitaivuruga. Wakatia kufuli. Kila unapoweka kitu katika Vector au kukitoa, mlango hufungwa, kazi hufanyika, mlango hufunguliwa. Nia ilikuwa njema, lakini kufuli hilo lilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba lilifungwa na kufunguliwa hata pale ambapo hakuna mwingine anayegombea chombo hicho, na kuzifanya programu zibebe mzigo wa bure. Ya pili ni nzito zaidi: halikulinda kilichohitaji kulindwa. Chukua kazi ya kawaida kabisa ya kuangalia kama orodha ina kitu, na kama inacho, kukitoa cha mwisho. Hizo ni hatua mbili, na kila moja ina kufuli lake. Kati ya hatua hizo mlango uko wazi. Kazi nyingine ikipenya hapo na kukichukua kitu cha mwisho, ile ya kwanza, ambayo imekwisha kuambiwa kwamba kipo, itanyosha mkono ndani ya chombo kitupu na programu itaanguka. Stack nayo ilikuwa na kichekesho chake. Iliumbwa kuwa mtoto wa Vector, ikarithi kila alicho nacho mzazi, hata rundo ambalo kanuni yake ni cha mwisho kuingia kiwe cha kwanza kutoka likawa linakubali kuchomekwa kitu katikati.

Desemba 1998 toleo la 1.2 lilileta familia mpya ya vyombo, iliyobuniwa chini ya Joshua Bloch: ArrayList, HashMap na jamaa zao. Hivi havina kufuli. Anayehitaji kufuli huliweka mwenyewe mahali panapofaa, na tangu 2004 anaweza kuchukua ConcurrentHashMap, kazi ya Doug Lea, iliyoundwa kwa ajili ya kugombewa na kazi nyingi. Lakini angalia walivyotendewa wazee. Vector haikufutwa. Iliingizwa katika familia mpya, ikaongezewa njia mpya za kuitwa huku zile za zamani zikibaki. Ndiyo maana hadi leo ndani yake mna elementAt na mna get, mna addElement na mna add, kila jozi ikifanya kazi ile ile. Msomaji wa leo huona ni ubadhirifu. Hata hivyo programu ya mwaka 1996 ikiomba elementAt inaipata, ya jana ikiomba get inaipata, na mbili hizo zinaweza kupokezana chombo hicho hicho bila kugombana.

Anayedhani haya ni mambo ya makumbusho na afungue folda ya mipangilio ya OpenMRS. Humo atakuta faili liitwalo openmrs-runtime.properties, lenye mistari ya maandishi ya kawaida: hifadhidata iko wapi, jina la mtumiaji ni lipi, nywila ni ipi. DHIS2 ina faili lake la namna hiyo, dhis.conf. Programu ikiwashwa, faili hilo husomwa kwa klasi ya Java inayoitwa Properties, na Properties ni mtoto wa Hashtable. Kwa kweli hata faili si lazima liwepo. Java yenyewe, kila inapoamka, hujiandalia Properties ya kushikia habari zake, kama vile toleo lake na aina ya kompyuta iliyomo, kwa hiyo kabla programu haijafanya lolote Hashtable imekwisha kuitwa kazini. Tangu Java 9 matumbo ya Properties yamebadilishwa, ndani yake mmewekwa ConcurrentHashMap, lakini ukoo haukubadilika, maana kuubadilisha kungevunja kila msimbo, yaani maandishi ya programu, uliozoea kuipokea Properties kama Hashtable. Upande wa wavuti ni vivyo hivyo: kivinjari kikituma ombi kwenye seva ya Java, na programu ikitaka kuorodhesha vichwa vya ombi hilo, yaani maelezo yaliyokuja nalo, hukabidhiwa Enumeration. Kuking'oa chombo cha namna hii si sawa na kukata tawi lililokauka, kwa kuwa mti mzima umekua ukikizunguka.

Kwa watu wengi wa pwani ya kusini vyombo hivi vilifika mikononi kabla ya kufika hospitalini. Simu za Nokia za familia ya S40, kama vile 2700 classic ya mwaka 2009 na Asha zilizokuja baadaye, zilibeba Java iliyopunguzwa iitwayo J2ME. Kumbukumbu ya simu ilikuwa haba, kwa hiyo maktaba ya msingi ya Java hiyo ilichukua vyombo vichache mno: Vector, Stack, Hashtable, pamoja na Enumeration ya kuvipitia. ArrayList haikuwemo, wala HashMap. Opera Mini, iliyoachiliwa dunia nzima Januari 2006 na kuwafungulia Wakenya wengi intaneti ya bei ya chini, iliishi ndani ya Java hiyo, na WhatsApp ya simu za S40 vilevile. (M-Pesa ya Machi 2007 haimo katika hesabu hii, kwa kuwa menyu yake ilikaa ndani ya laini.) Wakati ambapo walimu wa vyuo walikuwa wakiwaonya wanafunzi waikimbie Vector, fundi aliyetaka kuandika programu ya simu ya kawaida ya Ukunda maktaba ilimpa hiyo hiyo. Waliotunga J2ME hawakukosea. Walitazama mahitaji ya kifaa, wakachukua vyombo vidogo vilivyojulikana na kila mtu. Kisha tarehe 31 Desemba 2018 WhatsApp ilisitisha huduma kwa S40. Asha ya mkazi wa Msambweni haikuharibika usiku huo, betri yake bado ilishika chaji na bado ilipiga simu. Aliyesitisha alipunguza gharama za kuhudumia matoleo ya zamani, gharama ya kununua simu nyingine ikamwangukia mwenye Asha, na wawili hao hawakuwahi kukaa meza moja kujadiliana.

Wasafiri wa Diani na Msambweni hawahitaji kuelezwa kwa nini kuja kwa kipya hakumwondoi mzee. MV Kwale na MV Likoni zilipoanza kazi katika kivuko cha Likoni mwaka 2010, MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini za mwaka 1990 ziliendelea kuvusha watu, kwa sababu umati wa asubuhi haungoji. Mfano huu una mwisho wake, na mwisho wenyewe unafundisha kuliko mwanzo. Feri huota kutu, na kila mwaka unaopita huongeza hatari ya kuipanda. Klasi ya Java haina kutu. Vector inafanya leo kile kile ilichofanya mwaka 1996, tena kwa kasi kubwa zaidi kwa kuwa mashine zimeboreka. Umri peke yake, basi, si kosa katika msimbo, na anayetaka kitu kiondolewe hana budi kuonyesha madhara yake. Java ina mfano wa kitu chenye madhara kweli. Thread.stop, amri ya kuikatiza kazi ghafla, ingeweza kuikata katikati ya kuandika na kuacha data nusunusu. Ilitiwa alama rasmi ya kuachwa mwaka 1998, na tangu Java 20 ya Machi 2023 ukiiita haisitishi kitu, hukurudishia kosa. Kwa amri ya hatari kiasi hicho onyo lilidumu karibu miaka 25. Vector haina hatia ya namna hiyo. Ina uzito usio na haja na kufuli lisilotosha, na anayezijua kasoro hizo anaweza kuitumia bila kumdhuru mtu.

Mwenye bidii ya usafi atasema: basi msiiondoe maktabani, lakini kila mwenye programu aitoe kwake, aweke HashMap palipokuwa na Hashtable, ni kazi ya alasiri moja. Hapo ndipo mafundi wengi hujikwaa. Hashtable hukataa papo hapo kupokea kitu kisicho na jina au jina lisilo na kitu, ilhali HashMap hupokea vyote bila kuuliza. Programu iliyokuwa ikitegemea ukali huo, hata bila mwandishi wake kujua, itaanza kuruhusu mapengo yapite mlangoni na kujitokeza mbali kabisa, katika ripoti, yakiwa hayana asili inayojulikana. Kubwa kuliko hilo ni kufuli. Katika Java za kabla ya toleo la 8, kazi mbili zikiijaza HashMap moja kwa wakati mmoja, na chombo kikawa kinajipanua, viungo vyake vya ndani viliweza kujifunga duara. Kazi iliyokuja baadaye kutafuta kitu humo ilizunguka bila kutoka, na kompyuta ikashikwa na shughuli isiyo na mwisho. Kosa la aina hii halijitokezi fundi anapoijaribu programu peke yake ofisini. Hungoja wingi wa watu, na katika mfumo kama KHIS wingi una msimu wake: siku za kuelekea tarehe 15, kaunti 47 zikiingiza nambari kwa pamoja. Mbadala sahihi hapo ni ConcurrentHashMap, lakini ili mtu ajue ni wapi panahitaji hiyo na wapi HashMap inatosha, sharti asome msimbo wote na kuuelewa. Hiyo si kazi ya alasiri moja.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili hutoka katika lugha ya Python, nami siipuuzi. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imevunja kwa makusudi mambo mengi ya Python 2. Watu walilalamika, mwisho wa Python 2 uliopangwa kuwa 2015 ukasogezwa hadi Januari 2020, na wakati wote huo dunia ya Python ilikuwa na kambi mbili. Lakini ilivuka, na leo ni miongoni mwa lugha zinazotumika zaidi duniani, safi kuliko ilivyokuwa. Wanaoitetea njia hiyo husema maumivu ya miaka 11 ni afadhali kuliko uchafu wa milele. Jibu langu liko katika tukio dogo zaidi la lugha hiyo hiyo, linalohusu vyombo. Mwaka 2012, katika Python 3.3, majina ya aina za msingi za vyombo, kama Mapping na Sequence, yalihamishiwa sehemu nyingine ya maktaba, na pale yalipokuwa pakaachwa njia ya mkato kwa muda. Njia hiyo ilikusudiwa kufungwa katika 3.9. Watengenezaji walipoona miradi mingi ingevunjika wakaahirisha, na ikafungwa katika 3.10, Oktoba 2021. Baada ya miaka 9 ya taarifa, bado programu zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zilianguka siku 3.10 ilipowekwa, kwa sababu ya mstari mmoja. Waliokumbwa hawakuwa wakaidi. Onyo la namna hiyo kwa kawaida Python hulificha lisimsumbue mtumiaji, na hulionyesha zaidi kwa anayeandika na kuujaribu msimbo. Lakini programu nyingi hazina tena anayeziandika. Zina wanaozitumia tu.

Hapo ndipo jambo hili linapoigusa Kwale kwa namna ya pekee. Mifumo ya afya ya Kenya imejengwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wafadhili, na fedha za wafadhili huja kwa mikataba yenye mwisho. Mkataba ukiisha, programu hubaki na mwandishi huondoka. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini ilikwama ghafla, na pamoja nayo wataalamu waliokuwa wakilipwa kuitunza mifumo. Onyo la miaka 9 lina maana pale tu ambapo yupo mtu nyumbani wa kulisikia. Mabenki makubwa ya Ulaya yana idara nzima za kusoma maonyo hayo. Kaunti haina. Kwa hiyo maktaba inayoondoa klasi ya zamani kwa sababu ya usafi huwahamishia gharama wale wasio na uwezo wa kuibeba, na wasiojua hata kwamba wameletewa deni. Java nayo iliwahi kujaribu kukata: katika toleo la 11 la Septemba 2018 iliondoa baadhi ya maktaba, ikiwemo JAXB ya kushughulikia data za XML. Mashirika mengi yalibaki na Java 8 ya mwaka 2014 kwa miaka, na kuondolewa huko kulichangia. Kukata kulikokusudiwa kuwasogeza mbele kuliwafunga wengine nyuma.

Kuna pingamizi la usalama, nalo husemwa kwa sauti ya kumaliza mjadala: kitu cha zamani ni mlango wa wadukuzi. Kwa programu iliyotelekezwa, isiyopokea marekebisho, ni kweli tupu. Lakini Vector na Hashtable hazijatelekezwa. Zimo ndani ya kila toleo jipya la Java na hutunzwa pamoja nalo, na tofauti kati ya cha zamani kinachotunzwa na cha zamani kilichoachwa ndiyo inayofaa kupimwa. Upya wenyewe hauna dhamana. Desemba 2021 dunia ya Java ilitikiswa na tundu lililogunduliwa katika Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio. Tundu hilo lilikuwa katika toleo la 2, lile jipya, kupitia uwezo ambao watu wengi hawakuuhitaji. Toleo la 1, lililotelekezwa tangu 2015, halikuwa na tundu hilo, ingawa lilikuwa na yake na hakukuwa na wa kuyaziba. Mlinzi wa seva aliyepima usalama kwa umri peke yake angekosea kwa matoleo yote mawili.

Pingamizi ninalolikubali ni la wanaojifunza. Mwanafunzi anayefungua maktaba ya Java hukuta orodha mbili, marundo mawili, vyombo vya majina viwili na vitatu, na hana wa kumwambia kipi ni cha leo. Kitabu cha zamani cha maktaba ya chuo humfundisha Vector, naye hutoka nayo hadi kazini. Hapa Java ina lawama, kwa sababu ya ukimya wake. Watu husema Vector, Stack na Hashtable zimetiwa alama rasmi ya kuachwa, na si kweli. Alama hiyo ipo katika Java na hutiwa mara nyingi, Observable iliipata mwaka 2017, lakini vyombo hivi vitatu havijawahi kuipata. Kilichoko ni sentensi ya upole katika maelezo yao: kama huhitaji kufuli, inapendekezwa utumie ArrayList badala ya Vector, HashMap badala ya Hashtable. Asiyesoma maelezo, na wengi hatusomi, hataambiwa lolote. Kukihifadhi chombo kikuukuu kwa ajili ya waliokwisha kukitumia ni sawa. Kumwachia anayeanza leo akichukue bila hata kikohozi cha onyo ni jambo jingine.

Njia iliyo bora inaonekana ndani ya mfumo ule ule unaozihesabu nambari za Kwale. Katika DHIS2 kila kituo cha afya kina tarehe ya kufunguliwa na nafasi ya tarehe ya kufungwa. Zahanati ikifungwa haifutwi. Hupewa tarehe, na kuanzia hapo nambari mpya haziingii, lakini za miaka iliyopita husomeka kama kawaida. Fomu zinatendewa hivyo hivyo. Ripoti za VVU za MOH 731 zilipobadilishwa, ndani ya KHIS zikatokea zenye mwaka katika majina yake, marekebisho ya 2018, na zile za awali zikabaki kwa ajili ya nambari za zamani, kwani kuzitupa kungekuwa kuitupa miaka yenyewe. Hata mipaka ya nchi imepita njia hiyo. Mfumo ulipoanza mwaka 2011 Kwale ilikuwa chini ya Mkoa wa Pwani, na Msambweni na Kinango zikiwa wilaya. Baada ya Machi 2013 mikoa na wilaya zikaondoka, zikaja kaunti, Kwale ikiwa nambari 2, na muundo wa maeneo ukapangwa upya bila kuwapoteza wagonjwa waliokwisha kuhesabiwa chini ya ule wa kwanza. Hapa, mbali na kuondoa na kubakiza, kuna hukumu ya tatu ambayo lugha za programu hazijaizoea: kisomeke, kisiandikwe. Waliojenga kwa Java waliwatendea wazee wao kwa busara zaidi kuliko Java inavyowatendea wake.

Java ina karibu kila kinachohitajika kuifuata busara hiyo. Tangu toleo la 9 la Septemba 2017, alama ya kuachwa inaweza kutaja ni tangu toleo gani kitu kimewekwa kando, na kama kuna nia ya kukiondoa au hakuna. Vector, Stack na Hashtable zingeweza kutiwa alama hiyo leo, kwa maneno ya wazi kwamba hazitaondolewa, na mbadala wa kila moja ukitajwa kando yake. Jibu la wanaopinga ni kwamba msimbo uliopo una mamilioni ya mistari inayovitaja vyombo hivi, maonyo yatafurika, na wale walioipanga kompaila yao, yaani kifaa kinachoujenga msimbo uwe programu, ichukulie kila onyo kuwa kosa watajikuta programu zao hazijengeki. Ni jibu la kweli kwa hao wachache, na wao ndio wenye wafanyakazi wa kulishughulikia. Kwa wengine kompaila ya Java, isipoagizwa vingine, hutoa kijisentensi kimoja tu kwa vitu vilivyowekwa kando, na hupaza sauti kwa vile tu vilivyopangiwa kuondolewa. Programu iliyokwisha kujengwa haitagutuka kabisa. Ofisi ya rekodi ya Msambweni itaendelea kuingiza nambari zake kabla ya tarehe 15 bila kujua kwamba kuna kilichobadilika, na atakayeliona onyo ni yule anayeandika Vector kwa mara ya kwanza.